Betri Mbili Chini ya Kiti

Kiti kilisimama tena siku ya Jumatano, pale pale kwenye kona ya mkaratusi, na Mwanaamina alikuwa akikitazama kilivyosimama.

Alikuwa uani kwake, juu ya kilima, mwiko mkononi. Kuku wa kienyeji alikuwa ameshalainika na wali umekaukia vizuri. Ilikuwa zamu yake. Mume wake, Abdulswamad, alikuwa akipanda barabara ya vumbi kutoka dukani kwake, chini mjini Dongobesh, peke yake, kwenye kiti chake cha magurudumu cha umeme. Alikuwa amenyoosha mgongo na kofia imekaa sawasawa, kama mtu anayekwenda kuposa. Alipofika kwenye kona kiti kikapunguza mwendo, kikatambaa hatua chache, kikanyamaza.

Kutoka pale hadi langoni kwa Mwanaamina hazikuzidi hatua mia mbili. Alimwona mumewe akisukuma kishikio mbele, akikiachia, akikisukuma tena. Akaweka mwiko juu ya sufuria na kuanza kushuka, huku magoti yakimlalamikia kila hatua. Kabla hajafika nusu ya njia, kijana mmoja mfugaji wa tambarare za Hanang, Ignasi, aliyekuwa akiswaga ng'ombe wake kwenda mnadani, aliwaacha ng'ombe katikati ya barabara na kukimbilia kwenye kiti.

"Shikamoo, mzee. Imekufa?"

"Marahaba, mwanangu. Imechoka."

"Nikusukume juu au chini?"

Abdulswamad alitazama juu. Alimwona mkewe mkubwa amesimama na kanga yake inapepea. Alitazama chini, barabara inateremka yenyewe hadi mjini. Kile kiti pamoja na yeye kilikuwa kizito kuliko magunia mawili ya mahindi, na kijana alikuwa peke yake.

"Chini," alisema.

Upepo ulikuwa unavuma kuelekea juu, na Mwanaamina alilisikia neno lile vizuri sana. Halafu akaona mtandio wa kijani unakuja mbio kutoka upande wa dukani. Alikuwa Raudha, bi mdogo, anakuja kumpokea.

Ilikuwa zamu ya tatu kupotea namna hiyo.

*

Alikifunga chakula kwenye hotipoti, akajitwika, akateremka nacho. Nyumba ya Raudha ilikuwa nyuma ya duka, mahali tambarare, na mlango wake ulikuwa na ngazi iliyosawazishwa kwa saruji ili kiti kipite.

"Shikamoo, dada," alisema Raudha.

"Marahaba."

"Karibu ndani."

"Sikuja kukaa. Nimemletea mume wangu chakula. Naona siku hizi chakula ndicho kinachomfuata mtu."

"Mume wetu," alisema Raudha taratibu.

"Kwani mimi nimesemaje?"

Raudha alipokea hotipoti. Akatandika mkeka, akapakua, na kinofu kizuri cha paja akakiweka upande aliokaa Mwanaamina. Mwanaamina alikiona, akakisogeza upande wa mume. Walikula watu watatu kwenye sinia moja, na haikusikika ila sauti ya vidole.

"Raudha, nikuulize," alisema Mwanaamina baada ya kunawa. "Hiki kiti unakichaji?"

"Kila siku mchana, akiwa amekaa dukani."

"Kinajaa?"

"Taa inageuka kijani, dada. Wallahi."

"Ajabu. Umeme wa kufika kwako upo. Wa kufika kwangu haupo."

"Kwangu ni tambarare. Kilima sikukijenga mimi."

"Basi chaja nipewe siku zangu, nikichaji mwenyewe."

"Umeme wa kule juu unakatikakatika. Chaja ikiungua tutaitoa wapi nyingine?"

"Umeme wa kwangu ndiyo unakatika. Wa kwako umeolewa?"

Abdulswamad alipiga goti lake kwa kiganja, goti ambalo halikusikia kitu. "Betri zimezeeka. Kiti ni cha mtumba, kilikuja nazo, na sasa zina miaka mitano. Hakuna mchawi hapa. Zinahitajika mbili mpya."

"Nitanunua mimi," alisema Mwanaamina. "Zote mbili. Nina vitunguu swaumu vya shamba la Bashay, vimekauka."

"Ili kila akitembea iwe ni kwa hisani yako?" Raudha alisema. "Mimi sina mkono?"

"Unao. Unaushikia ufunguo wa duka lake."

Raudha alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, na hata alipokasirika sauti yake ilishuka badala ya kupanda. "Nina cherehani yangu, dada. Sare za shule zote za mtaa huu zimepita kwenye miguu yangu."

Abdulswamad alifumba macho. Tangu aoe mke wa pili alikuwa mtu wa kugawa sawa. Alitoa sukari kilo huku, kilo kule. Kitenge kilikatwa kwenye robota moja, na hata alipoleta nyama alisimama kwenye mizani mwenyewe. Aliogopa Mungu, na aliogopa pia macho ya wake zake. Sasa akaona haki inamjia wazi kabisa.

"Kila mmoja anunue moja," alisema. "Bi mkubwa moja, bi mdogo moja. Hapo nani atasema ameonewa?"

Hakuna aliyesema ameonewa. Kila mmoja alikuwa tayari anaifikiria betri yake.

*

Duka la Tito lilikuwa mjini Mbulu, jirani na soko, na Mwanaamina alifika asubuhi akiwa ameshauza vitunguu vyake kwa mchuuzi wa jumla. Baridi ilikuwa kali. Tito alikuwa amevaa koti juu ya koti, na kabla ya kuuliza shida alimtafutia kiti akae, akampa chai ya chupa yake mwenyewe.

"Nataka betri ya kiti cha magurudumu," alisema Mwanaamina. "Nzuri kuliko zote."

"Nzuri kuliko zote ni lithiamu, mama. Hii hapa. Nyepesi kama mkate, inakaa miaka mingi. Lakini bei yake ni ya ng'ombe wawili, na inataka chaja yake. Chaja ya kiti chenu itakuwa ya zile za madini ya risasi, si ndiyo?"

"Sijui ya risasi. Ni nyeusi, ina taa."

Tito alicheka, naye Mwanaamina akajikuta anatabasamu. Akamwonyesha nyingine, ndogo, ya kijivu, imezibwa pande zote. "Basi chukua hii. Ya jeli. Haina maji ndani, hata ukiilaza haimwagiki. Hii imetengenezwa itoe nguvu polepole kutwa nzima, siyo kama ya gari inayotoa mshindo mmoja kuwasha injini ikapumzika. Ya gari usije ukamwekea mzee. Zinatakiwa mbili?"

"Mbili. Lakini mimi nanunua moja."

"Na nyingine?"

"Nyingine ina mwenyewe."

Tito aliweka chini kikombe chake. "Mama yangu, nisikilize. Zinafungwa kwa mfululizo, mkia wa hii kichwani kwa hii. Lazima zilingane, aina moja, ukubwa mmoja, na zianze kazi siku moja. Zisipolingana, dhaifu inachoka mapema na nzima inaumia. Mwambie huyo mwenzako aje anunue hapa hapa, au anunue kama hii. Nakuandikia jina kwenye karatasi."

Akaandika kwa herufi kubwa, akakunja, akampa. Mwanaamina alilipa laki mbili na nusu, akashika betri mapajani safari nzima ya basi mpaka Dongobesh kama amebeba mtoto. Karatasi aliiweka kwenye kifundo cha kanga.

Njiani aliifikiria ile karatasi. Kumpa Raudha ilikuwa kumfundisha. Raudha akinunua iliyo sawasawa, watu watasema ni betri za wake wawili. Akikosea, watasema ya bi mkubwa ndiyo inayofanya kazi. Alipofika nyumbani alifungua kifundo, akaisoma tena, akaiweka chini ya Msahafu kwenye rafu, mahali ambapo hakuna mtu ambaye angeigusa.

*

Ya Raudha ilikuja Ijumaa kwenye buti la basi kutoka Katesh, kwa kaka yake mwenye gereji. Wanaume wawili waliishusha. Ilikuwa betri ya gari, kubwa, yenye mpini na vifuniko sita vyekundu juu.

"Kaka amesema hii inawasha Fuso," Raudha aliwaambia waliokuwa wamesimama kibarazani. Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini alihakikisha bi mkubwa yupo karibu.

Mwanaamina aliifunua yake kwenye boksi. Iliwekwa kando ya ile nyingine, nayo ikaonekana kama kitu kilichozaliwa kabla ya miezi yake.

Jenifa, aliyekuwa akiuza maandazi mbele ya duka, alishika kiuno. "Heee! Bi mkubwa kanunua kibiriti, bi mdogo kanunua sanduku! Leo mzee ataruka."

Watu walicheka. Mwanaamina alisikia joto linapanda shingoni. Alitaka kusema bei. Alifungua mdomo aseme bei, akaona itakuwa aibu juu ya aibu, akaufunga.

Betri ya Raudha haikuenea chini ya kiti. Alitafutwa mchomeleaji, akakata sehemu ya kisanduku na kuongeza kipande cha chuma kwa mbele, juu kidogo ya mahali pa kukanyagia. Kazi ilipokuwa inaendelea Ignasi alipita, anarudi kutoka mnadani, safari hii bila ng'ombe. Akachuchumaa, akatazama betri mbili zinavyounganishwa kwa waya.

"Mzee, samahani," alisema. "Mimi umeme sijui. Lakini kwetu kwenye plau hatufungi dume na ndama nira moja. Ndama anakufa, na dume naye anapinda shingo."

"Hizi siyo ng'ombe, wewe!" alisema Jenifa.

"Ndiyo nimesema sijui."

Abdulswamad alicheka pamoja na wengine. Mwanaamina hakucheka. Ilikuwa nafasi yake ya kusema, na aliijua kuwa ni nafasi. Alitazama vile vifuniko vyekundu, akatazama mtandio wa kijani, akainama kuokota boksi lake tupu.

*

Kwa siku kumi kiti kilikwenda vizuri ajabu. Zamu ya kwanza Abdulswamad alipita kona ya mkaratusi bila hata kupunguza mwendo, akaingia langoni kwa Mwanaamina anapiga kelele, "Hodi! Hodi wenye nyumba! Gari limefika!" Mwanaamina alilia, akasingizia moshi. Alimmiminia uji wa ngano, akamketisha juani, akamkata kucha. Aliona kwamba mumewe amenyolewa ndevu vizuri sana na mtu mwenye mkono mwepesi. Alijua ni mkono wa nani, akasukuma bakuli lake kando.

Siku hizo kumi zilipokwisha, zamu iliyofuata kiti kilipanda kwa kujivuta. Iliyofuata kilifika langoni na mstari mmoja tu wa chaji, mwekundu. Kulikuwa na harufu kali kidogo kama ya siki iliyooza, ambayo Abdulswamad alisema ni ya barabara. Asubuhi alishuka kilima akiwa ameinamia mbele, kiti kinashika breki, na Mwanaamina alimtazama mpaka alipotokomea.

Siku mbili baadaye, wakati anapepeta mahindi, alimwona Raudha anapanda kilima.

Raudha hakuwahi kufika kwake hata siku ya sikukuu, walikutana chini. Mwanaamina alijua amekuja kwa ajili ya kujionyesha, au kuleta habari kwamba mzee hatapanda tena. Akaendelea kupepeta. Alimwacha afike langoni, alimwacha asimame.

"Shikamoo, dada."

Mwanaamina alipepeta mara mbili, mara tatu, kabla ya kujibu. "Marahaba. Umepotea njia?"

"Dada, mguu wa mume wetu umeungua."

Ungo ulisimama.

"Kisigino na nyuma ya mguu. Nimevua soksi nimtawadhishe, soksi imekuja na ngozi. Soksi yenyewe imelika kama imeng'atwa na panya. Yeye anasema hauumi. Hawezi kusikia, dada, angesikiaje?" Pumzi zilikuwa zinamkata. "Ni maji ya betri. Kiti kikiteremka, yanavuja mbele kwenye vifuniko, yanamdondokea. Ni betri yangu. Mimi ndiye niliyemuunguza."

Hapo Mwanaamina angeweza kusema mengi, na yote yalikuwa tayari mdomoni, amekuwa akiyahifadhi miaka. Badala yake aliona miguu ya Raudha. Alikuwa amepanda kilima kizima peku, na kidole kimoja kilikuwa kinatoka damu.

"Ngoja nivae," alisema. Aliingia ndani. Alinyoosha mkono kwenye rafu, akaichukua ile karatasi chini ya Msahafu, akaifunga tena kwenye kifundo.

*

Walikwenda Haydom na basi la saa nne. Ignasi na mwenzake walimbeba Abdulswamad kumpandisha, na Ignasi alimshika nyuma ya magoti kwa uangalifu kama kwamba miguu ile bado inasikia. Abiria mmoja alimwachia kiti cha mbele. Kiti cha umeme kilifungwa juu ya paa la basi. Raudha alikaa upande huu na Mwanaamina upande ule, na mzee katikati, na hawakutazamana.

Hospitali muuguzi aliosha kidonda polepole, akisema, "Pole, babu, pole," kila alipogusa, ingawa babu alimwambia asihangaike kusema pole kwa sababu hasikii.

"Mimi nauambia mguu," alisema yule muuguzi.

Alisema wamewahi. Siku chache zaidi na kidonda kingefika kwenye mfupa. Mgonjwa abaki siku tano akisafishwa, kisha wiki tatu nyumbani bila kuvaa soksi wala kiatu. Halafu aliuliza ni kitu gani kilichomuunguza, akaelezwa, akatikisa kichwa. Akawaelekeza kwa fundi Justina, karibu na stendi, anayetengeneza sola na viti vya wagonjwa.

Justina alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikizunguka kiti mara moja, akafungua kisanduku, akakaa chini kabisa.

"Nani amefunga hii ndoa?" aliuliza.

Hakungoja jibu.

Alivaa glavu, akatoa betri kubwa, akaipima. Akatoa ndogo ya kijivu, akaipima, akaipima tena. "Hii ya gari si kazi yake. Na ina maji. Kitu chenye maji kinakaa kwenye gari lililo sawa, hakipandi kilima na kushuka miguuni kwa mtu. Lakini naisikitikia hii nyingine. Hii ilikuwa betri nzuri sana. Imekufa."

"Imekufa?" alisema Mwanaamina. "Ina wiki tatu!"

"Ukizichaji pamoja, mwenzake mkubwa hajashiba, chaja inaendelea kusukuma. Huyu ameshiba zamani, analazimishwa kula. Amevimba, gusa ubavu wake. Mama zangu, hakuna aliyewaambia? Muuza betri yeyote anayejua kazi angewaambia zinunuliwe pacha."

Raudha alikuwa ameinamisha kichwa. "Hatukuambiwa. Mimi nilichukua kwa kaka yangu, hajui viti. Nilisikia dada ameenda Mbulu na magunia ya vitunguu, nikasema na mimi yangu ionekane. Kosa ni langu, usimlaumu dada."

Pale kwenye kibanda cha Justina palikuwa na kelele za honi na wapiga debe, lakini Mwanaamina alijisikia kama yuko mahali pa kimya sana. Kosa lilikuwa limebebwa. Alikuwa hana la kufanya ila kuliacha likabebwe.

Alifungua kifundo cha kanga, akatoa karatasi, akaiweka juu ya betri ya kijivu.

"Niliambiwa," alisema.

Justina aliisoma kwa sauti: jina la betri, ukubwa, na chini yake maneno, MBILI ZILINGANE, ZIANZE SIKU MOJA. Kisha akajiondoa, akasema anakwenda kutafuta chenji, wakati hakuna aliyempa fedha.

Raudha aliichukua karatasi, akaisoma mwenyewe.

"Tangu lini?"

"Tangu siku niliyonunua. Ilikuwa nyumbani siku betri yako inashushwa kwenye basi. Siku ya Ignasi na ng'ombe wake, nilikuwa najua."

"Ukaniacha."

"Nilitaka yako ishindwe. Sikutaka mguu. Raudha, mimi naona ndevu zake zilivyonyolewa. Naona kila kitu. Nimekuwa mzee, na yeye anaishia kwenye kona."

Raudha alifuta macho kwa mtandio, akafuta pua. Alipozungumza sauti ilikuwa imeshuka chini kabisa.

"Unajua akiwa kwangu anazungumza nini? Anazungumza mlivyoanza duka na katoni moja ya sabuni. Mlivyolala juu ya magunia Katesh. Miaka kumi na minne nasikia habari za magunia. Mimi sina hata gunia moja na yeye."

Mwanaamina hakuwahi kufikiri kwamba kuna kitu chake ambacho mtu angekitamani.

Hawakukumbatiana. Raudha alikunja karatasi, akairudisha mkononi kwa bi mkubwa. "Hili mzee hatalijua kwangu," alisema. "Ukitaka, mwambie mwenyewe."

Alimwambia jioni ile ile, wodini, kabla ya maghribi. Abdulswamad alisikiliza, akatazama mguu wake uliofungwa bandeji.

"Na mimi nilikuwa nagawa," alisema hatimaye. "Nikajiona nimetenda haki." Halafu akamwomba maji ya kunywa, na aliporudisha kikombe alishika vidole vya mkewe pamoja na kikombe.

*

Fedha ya betri mpya ilipatikana kwa shida. Vitunguu vilivyobaki viliuzwa kwa bei ya hasara. Raudha alishona sare mpaka macho yakawa mekundu. Siku ya kwenda kwa Justina waliziweka zote kwenye leso moja kabla ya kushuka kwenye basi, na Justina alizipokea bila kuuliza nani kaweka nini. Betri zote mbili zilizokufa alizipokea kama chuma chakavu na kupunguza kidogo.

Alileta mbili za jeli, za kijivu, kutoka boksi moja. Akaziandika tarehe kwa wino mweusi, akamwita mchomeleaji arudishe kisanduku kama kilivyokuwa, akazisukuma ndani. Zilikaa kama viatu kwenye boksi lake.

"Risiti niandike jina la nani?"

Wake wawili walitazamana.

"La mwenye kiti," alisema Mwanaamina.

"Sasa nisikilizeni, maana sitaki kuwaona tena. Betri hizi hazitaki kudonolewa kidogo mchana, kidogo jioni. Zinataka usiku mzima, mpaka taa iwe kijani yenyewe. Kwa hiyo chaja ilale anapolala mzee. Mmenielewa? Anapolala."

"Tumeelewa," alisema Raudha, naye alikuwa anatazama barabarani.

*

Kidonda kilipokauka, zamu ya kilimani ikafika. Saa kumi jioni Mwanaamina alisimama uani. Hakushika mwiko, mikono aliiacha wazi. Kiti kilifika kwenye kona ya mkaratusi, kikapita. Abdulswamad hakupiga kelele za gari limefika. Aliingia taratibu, miguu imefunikwa kanga safi, na kwenye mkono wa kiti kulikuwa na mfuko wa kitambaa cha sare, umeshonwa kwa kipimo, una zipu.

"Amekushonea," alisema. "Wa chaja."

Mwanaamina aliufungua. Chaja ilikuwa imefungwa kwa leso, na leso ilinukia udi wa nyumba ya Raudha. Wivu ulimchoma palepale, kama kawaida yake, kama mtu wa nyumbani asiyebisha hodi. Akauacha umchome. Aliitundika leso kwenye kamba ipigwe upepo, akachomeka chaja ukutani.

Alfajiri, baada ya kuswali, aliitazama taa. Ilikuwa bado nyekundu. Mumewe alikuwa amelala, mkono mmoja umenyooka upande wake. Mwanaamina alisimama mbele ya swichi.

Ingekuwa kitu kidogo sana. Angezima tu. Umeme ulikatika, angesema, na nani angebisha? Raudha mwenyewe ndiye aliyesema siku zote kwamba umeme wa kule juu unakatikakatika. Kiti kingebaki bila nguvu, naye mzee angebaki kilimani leo, labda na kesho, akizungumza habari za magunia.

Alisimama pale mpaka nyayo zikapata baridi. Kisha akaenda jikoni, akabandika chai.

Abdulswamad alipotaka kuondoka alimwambia, "Kaa kwanza. Haijawa kijani."

"Nitachelewa kufungua duka."

"Mwenye ufunguo yupo. Kunywa kikombe kingine."

Alikunywa viwili. Taa ilipogeuka, Mwanaamina alichomoa chaja, akaikunja ndani ya leso iliyokuwa imeshapoteza harufu, akafunga zipu na kuutundika mfuko kwenye mkono wa kiti. Akamsindikiza mpaka langoni. Alimtazama akiteremka, mgongo umenyooka, akapita kona, akapotea.

Simu iliita baada ya dakika kumi.

"Shikamoo, dada. Amefika."

"Marahaba. Ana mistari mingapi?"

"Naona yote." Raudha akahesabu tena. "Yote, dada."

"Kwani ulitegemea mingapi?" alisema Mwanaamina. "Na mwambie achukue dawa yake. Nimeiweka kwenye mfuko, upande wa ndani, maana wewe umeshona mifuko mingi hata mtu hajui pa kushika."

Akakata simu kabla hajasikika anacheka, akarudi kuosha vile vikombe viwili.